Shampeni: Jinsi Viputo Vinavyofungwa Ndani ya Chupa, Hatua kwa Hatua

Mvinyo mwingi wenye viputo hupata gesi yake ndani ya tangi kubwa la chuma, au hupuliziwa gesi kama soda. Shampeni huchachuka mara mbili, na mara ya pili huchachukia ndani ya chupa ileile itakayofika mezani. Ladha yake, bei yake na hatari zake zote zinatoka hapo. Mwongozo huu unafuata kazi hiyo kama inavyofanywa katika eneo la Champagne, kaskazini mashariki mwa Ufaransa, penye miji ya Reims, Épernay na Aÿ. Pamoja na hayo, kila hatua ina vipimo vya lita 20 kwa anayetaka kuijaribu kwa kiasi kidogo.

Kwanza jina. Shampeni ni mvinyo wa Champagne peke yake, na sheria inalilinda jina hilo. Mvinyo uliotengenezwa kwa njia hiyohiyo huitwa Crémant katika sehemu nyingine za Ufaransa, Cava nchini Hispania na Cap Classique kule Afrika Kusini. Anayetumia zabibu za Dodoma ana haki ya kuitumia njia hii yote, lakini neno "shampeni" asiliweke kwenye lebo.

Viputo vilianza kama kasoro

Champagne ni nchi ya baridi. Zabibu huvunwa karibu na Septemba, na baridi ya mwisho wa mwaka huilaza hamira kabla haijaila sukari yote. Joto likirudi, hamira inaamka na kuanza tena kutoa gesi. Mvinyo ukiwa kwenye pipa, gesi inatoroka. Ukiwa kwenye chupa iliyozibwa, haina pa kwenda.

Wengi husema Dom Pierre Pérignon ndiye aliyevumbua viputo. Si kweli. Mtawa huyo alisimamia ghala la mvinyo la abasia ya Hautvillers kuanzia 1668 hadi alipofariki 1715, na kwa watengenezaji wa zama zake viputo vilikuwa balaa. Sifa anayostahili ni nyingine: kukamua zabibu nyeusi kwa upole hadi zitoe maji meupe, na kuchanganya zabibu za mashamba mbalimbali. Waingereza nao walikuwa na chupa ngumu, zilizoyeyushwa kwa tanuri la makaa ya mawe. Desemba 1662 Christopher Merret aliieleza Royal Society ya London, chama cha wanasayansi, kwamba wauza mvinyo walikuwa wakiutia sukari ili uchangamke. Kule Ufaransa, tarehe 25 Mei 1728, Mfalme Louis XV aliruhusu mvinyo wa Champagne usafirishwe ukiwa ndani ya chupa. Mwaka uliofuata nyumba ya Ruinart, yaani kampuni ya kutengeneza shampeni, ikaanzishwa.

Hatua ya 1: Zabibu

Karibu shampeni yote hutoka kwenye aina tatu: Chardonnay, ambayo ni nyeupe, na Pinot Noir na Meunier, ambazo ni nyeusi. Uvunaji ni wa mkono. Mashine hupasua punje, na punje nyeusi iliyopasuka hutia maji rangi na ukakasi.

Zabibu za kazi hii huvunwa mapema kuliko za mvinyo wa kawaida. Lenga sukari ya Brix (kipimo cha sukari katika maji ya zabibu) 17 hadi 19, yaani mvinyo wa alkoholi asilimia 10 hivi, kwa sababu mchacho wa pili utaongeza kama asilimia 1.3. Asidi iwe juu: gramu 7 hadi 9 kwa lita, na pH kati ya 3.0 na 3.2. Katika nchi ya joto ugumu uko hapa hasa, maana sukari hupanda haraka na asidi hushuka haraka. Chenin Blanc, ambayo hulimwa Dodoma na pia ndiyo zabibu ya viputo vya bonde la Loire, inatunza asidi vizuri. Vuna alfajiri zabibu zikiwa baridi, na asidi ikipungua ongeza asidi ya tatariki kidogo kidogo huku ukipima. Makutupora Red, zabibu nyingine ya Dodoma, inafaa zaidi kwa mvinyo mwekundu.

Kwa lita 20 za mvinyo andaa kilo 40 za zabibu.

Hatua ya 2: Kukamua

Kule Champagne shinikizo (mashine ya kukamulia) hupakiwa kilo 4,000 za vichala vizima, havivunjwi wala havitolewi vikonyo. Katika kilo hizo sheria inaruhusu lita 2,550 tu. Lita 2,050 za mwanzo huitwa cuvée na ndizo bora. Lita 500 zinazofuata huitwa taille. Zina asidi kidogo na ukali wa maganda. Zinazobaki haziruhusiwi kuwa shampeni.

Shinikizo dogo la mkono lifanye kazi hivyohivyo. Pakia vichala vizima, kaza kidogo, subiri maji yatoke, legeza, vuruga, kaza tena. Kazi hii ichukue saa tatu hivi. Ukiona maji yanageuka rangi au ulimi unakauka ukiyaonja, acha hapo hata kama bado yanatoka. Ubahili wa lita mbili za mwisho huharibu zile ishirini za mwanzo.

Maji yakifika lita 23, tia gramu 1.5 za potasiamu metabaisalfaiti (dawa ya kuzuia vijidudu na madhara ya hewa) na uyaache yatulie kwa saa 12 hadi 24 mahali pa baridi. Yaliyo safi yahamishe kwa mpira, tope liache chini.

Hatua ya 3: Mchacho wa kwanza

Tumia hamira ya mvinyo, si ya maandazi. Inayojulikana zaidi kwa kazi hii ni EC-1118, iliyotolewa Champagne kwenyewe. Gramu 5 zinatosha. Shikilia joto kwenye nyuzi 16 hadi 18. Haidromita, kifaa kinachoelea cha kupimia sukari, itashuka kutoka kama 1.074 hadi chini ya 0.995 kwa wiki mbili hivi. Joto likizidi nyuzi 22, harufu ya matunda huondoka na gesi, na hairudi.

Kuna mchacho mwingine, wa bakteria, unaogeuza asidi kali ya maliki kuwa asidi laini ya laktiki. Nyumba nyingi za Champagne huuruhusu kwa sababu asidi yao ni nyingi mno. Mwenye zabibu za joto auzuie kwa kuweka mvinyo baridi na pH ya chini. Ila amua mapema, kwa sababu bakteria wakianza kazi baada ya chupa kufungwa, mvinyo hupata ukungu ambao hautashuka shingoni hata ugeuze chupa mwaka mzima.

Hamisha mvinyo kutoka kwenye mashapo, kisha uweke kwenye friji karibu na nyuzi 0 kwa wiki mbili au tatu. Chembe za tatariki zitaganda na kuzama. Usiiruke kazi hii: chembe zikibaki ndani ya chupa, gesi itazishika zote kwa mpigo na mvinyo utafoka siku utakapofunguliwa.

Hatua ya 4: Kuchanganya

Mvinyo ulio mbele yako sasa ni mkali, mwembamba, hauna mvuto. Ndivyo unavyotakiwa kuwa. Champagne msimamizi wa ghala huonja makumi ya mivinyo ya namna hii kutoka vijiji mbalimbali, kisha huichanganya pamoja na mvinyo wa akiba wa miaka iliyopita, ili chupa isiyo na mwaka kwenye lebo iwe na ladha ileile kila mwaka. Mwaka ukiwa mzuri sana hutengeneza pia shampeni ya mwaka huo peke yake. Kwa lita 20 uhuru ni mdogo, lakini ukiwa na ndoo mbili zilizochachuka tofauti, onja michanganyiko kwa mililita 100 kabla ya kumimina chochote.

Hatua ya 5: Shira, hamira na chupa

Makosa ya hatua nyingine huharibu ladha. Makosa ya hatua hii huvunja vioo.

Hesabu yenyewe ni nyepesi: gramu 4 za sukari katika lita moja, zikichachuka, hutoa presha ya bar 1 hivi kwenye baridi ya ghala. Champagne hutia gramu 24 kwa lita, ambazo ni bar 6. Tairi la gari dogo lina bar 2 na kidogo, kwa hiyo kila chupa imebeba karibu mara tatu ya tairi. Kabla hesabu hii haijajulikana, sukari ilitiwa kwa kukisia, chupa zilipasuka kwa mamia, na wafanyakazi waliingia maghalani wamevaa barakoa za chuma. Mfamasia wa mji wa Châlons, Jean-Baptiste François, ndiye aliyeonyesha katika miaka ya 1830 namna ya kupima sukari iliyomo kwenye mvinyo kabla ya kuongeza nyingine.

Funzo la François ndilo la kwanza kwako: pima sukari iliyobaki. Tumia vidonge au karatasi za kupimia sukari, maana haidromita haioni kiasi kidogo. Kila gramu 4 zilizobaki ni bar nzima ambayo hukuipanga.

Kwa mara ya kwanza usiende hadi gramu 24. Tia 20 kwa lita, yaani gramu 400 kwa lita 20, upate bar 5. Kinywani tofauti ni ndogo, kwenye kioo ni kubwa. Kumbuka pia kwamba presha hupanda na joto: chupa ya bar 6 kwenye nyuzi 10 huzidi bar 7 ikifika nyuzi 20.

Chupa iwe ya shampeni, nzito, yenye kitako kilichobonyea ndani. Ya kawaida ya Champagne ina uzito wa gramu 835. Chupa ya mvinyo wa kawaida haitumiki hata mara moja. Chupa zilizotumika zinafaa zikioshwa vizuri, lakini yenye mkwaruzo mrefu au mdomo uliomeguka itupe. Kagua pia mdomo kabla ya kununua vizibo: chupa nyingi za Ulaya huchukua kizibo cha bati cha milimita 29, si kile cha soda cha milimita 26.

Hamira nayo inataka maandalizi ya siku tatu, kwa sababu unaitupa kwenye mvinyo wenye alkoholi tayari, asidi kali na chakula kidogo. Ikiingia kavu itakufa.

Siku ya kwanza, loweka gramu 10 za hamira katika mililita 200 za maji ya nyuzi 37. Baada ya dakika 20 ongeza gramu 30 za sukari na mililita 200 za mvinyo wako usio baridi. Acha kwenye nyuzi 20, chombo kikiwa kimefunikwa kwa kitambaa. Siku ya pili ongeza mililita 300 za mvinyo na gramu 15 za sukari. Siku ya tatu ongeza mililita 300 nyingine. Mchanganyiko ukiwa unatoa povu kwa nguvu, uko tayari. Usipofoka, anza upya. Hamira dhaifu haipati nguvu ndani ya chupa.

Siku ya kufunga, yeyusha gramu 400 za sukari katika lita moja ya mvinyo uleule iwe shira isiyo na chembe. Changanya shira, mchanganyiko wa hamira, gramu 2 za chakula cha hamira (diamonium fosfeti) na gramu 1 ya udongo wa bentonaiti uliolowekwa tangu jana katika mililita 50 za maji. Bentonaiti hufanya mashapo yashikamane na kuteleza. Mvinyo usiwe baridi kuliko nyuzi 16. Koroga bila kuacha wakati wote wa kujaza, la sivyo chupa za mwisho zitapata hamira yote na za mwanzo zitabaki maji matamu.

Acha nafasi ya vidole viwili juu. Wenye uzoefu huweka chini ya kizibo kikombe kidogo cha plastiki kinachokusanya mashapo. Jaza pia chupa moja ya plastiki ya soda: ikiwa ngumu kama jiwe, utajua gesi imeingia bila kufungua chupa ya kioo.

Hatua ya 6: Kulaza

Laza chupa ubavu, nyuzi 12 hadi 15. Mchacho wa pili huchukua wiki sita hadi nane. Chini ya Reims kuna machimbo ya chaki, mengine yakiwa ya zama za Warumi, ambayo hubaki kwenye nyuzi 10 hadi 12 mwaka mzima. Mwaka 2015 vilima, nyumba na maghala ya Champagne viliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Asiye na machimbo atumie friji yenye kidhibiti joto. Chumba cha Dar es Salaam cha nyuzi 30 si mahali pa chupa hizi.

Ziweke ndani ya sanduku la mbao lenye kifuniko. Moja ikipasuka inaweza kupasua jirani zake. Kila unapozigusa vaa miwani ya kinga, glavu nene na shati la mikono mirefu.

Kisha subira. Hamira ikishakufa huvunjika taratibu na kuuachia mvinyo ladha ya mkate uliookwa na njugu, na kuufanya mzito mdomoni. Sheria ya Champagne inataka miezi 15 tangu kufungwa, angalau 12 kati yake juu ya mashapo. Shampeni ya mavuno ya mwaka mmoja peke yake hutakiwa miaka mitatu. Chini ya miezi 9 utapata viputo bila ladha hiyo, na sioni sababu ya kupitia taabu yote hii kwa viputo vitupu.

Hatua ya 7: Kugeuza

Mashapo yamelala ubavuni na yanatakiwa yashuke hadi kwenye kizibo. Kwa miaka mingi jambo hili liliwashinda watu. Barbe-Nicole Clicquot, mjane tangu 1805 aliyeshika biashara ya mumewe kule Reims, ndiye anayetajwa kuwa aliagiza meza itobolewe matundu karibu na mwaka 1816, chupa zikasimamishwa kichwa chini, kisha pamoja na msimamizi wake Antoine Müller wakaiboresha kazi hiyo. Baadaye zikaja mbao mbili zilizoegemeana kama paa. Fundi mzoefu huweza kugeuza chupa 40,000 kwa siku. Leo nyingi hugeuzwa na mashine ya giropaleti, inayomaliza kwa wiki moja kazi ya wiki sita.

Chora alama ya chokaa kwenye kitako cha kila chupa. Itikise kidogo mashapo yaamke, iweke kwenye tundu ikiwa karibu imelala, na iache siku mbili. Baada ya hapo, kila siku izungushe robo au moja ya nane ya duara kwa mshtuko mfupi wa kiwiko, na uinue kitako kidogo. Zamu 25 hivi zinatosha kuifikisha wima, kichwa chini. Mulika kwa tochi: mvinyo uwe unang'aa na mashapo yote yawe kwenye kizibo.

Ukiona utando umeganda ukutani mwa chupa na haushuki, rudisha chupa ilale, itikise kwa nguvu ikiwa baridi, iache mwezi mmoja, anza tena.

Hatua ya 8: Kutoa mashapo

Poza chupa zikiwa kichwa chini hadi nyuzi 3. Katika ndoo changanya barafu iliyopondwa sehemu tatu na chumvi sehemu moja, tumbukiza shingo sentimita 4 kwa dakika 15. Viwandani hutumia maji ya chumvi ya nyuzi 27 chini ya sifuri. Kipande cha barafu kilichofunga mashapo kikionekana, suuza shingo, inua chupa hadi nyuzi 45 ikielekea ndani ya pipa tupu, na ng'oa kizibo. Barafu itaruka na mashapo yake. Ziba mdomo mara moja kwa kidole gumba.

Mvinyo ukitoka nusu chupa, chupa haikupoa vya kutosha au tatariki haikugandishwa. Ukisikia harufu ya yai bovu, hamira ilikosa chakula. Harufu kidogo huisha yenyewe, nyingi haiishi.

Hatua ya 9: Shira ya kumalizia na kizibo

Hamira imekula sukari yote, kwa hiyo mvinyo ni mkavu kabisa. Utamu unaouamua sasa ndio unaoandikwa kwenye lebo. Brut Nature haiongezwi sukari na iko chini ya gramu 3 kwa lita. Extra Brut ni hadi 6, Brut ni chini ya 12, Extra Dry 12 hadi 17, Sec 17 hadi 32, Demi-Sec 32 hadi 50, na Doux zaidi ya hapo. Anayenunua "Extra Dry" akidhani ni kavu kuliko Brut amepotoshwa na neno. Karne ya 19 wateja wengi walipenda tamu sana. Madame Pommery, mwenye nyumba ya shampeni kule Reims, ndiye aliyejulikana kwa kutoa shampeni kavu, ya mavuno ya 1874, kwa ajili ya Waingereza.

Kwa Brut ya gramu 8, yeyusha gramu 150 za sukari katika mvinyo hadi jumla ifike mililita 250, na utie gramu 0.6 za metabaisalfaiti kuzuia mvinyo usizeeke kwa hewa. Tia mililita 10 za shira hiyo, ikiwa baridi, kwa kila chupa. Pitisha kwenye ukuta wa shingo polepole. Jazia pengo kwa chupa moja uliyoitoa sadaka.

Kizibo cha shampeni cha mti wa koki kina upana wa milimita 31 na kinahitaji mashine ya kukibana. Cha plastiki kinapigwa kwa nyundo ya mbao na kinatosha. Juu yake funga waya. Wazo la kuufunga lina hataza ya Adolphe Jacquesson ya 1844. Zungusha pete yake nusu mzunguko mara sita.

Acha chupa zipumzike miezi mitatu ili shira na mvinyo vishikane.

Siku ya kufungua, poza hadi nyuzi 8 au 10. Legeza waya bila kuuondoa, kiganja kikiwa juu ya kizibo tangu mwanzo. Elekeza mdomo mbali na watu, shika kizibo kisizunguke, na zungusha chupa yenyewe. Gesi itoke kwa mlio mdogo kama mtu anayeshusha pumzi. Mimina kidogo kwanza, subiri povu lishuke, kisha jaza glasi hadi theluthi mbili.